Kayaki imepinduka na aliyemo hajitambui: pumzi kwanza, hata kabla ya kufika ukingoni

KafiMbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu. Mwenye nafasi ausome wote, na mwenye ujuzi kunizidi anisahihishe papo hapo, maana hapa tunazungumzia uhai wa mtu.

Mimi ni mwongozaji wa mtoni. Nilianzia Tana, pale Sagana, maji yanaposhuka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, kisha nikafanya kazi misimu mitatu Jinja kwenye Nile. Ninakaa kwenye kayaki ndogo pembeni ya boti za mpira za wageni. Boti ikipinduka, mimi ndiye ninayekusanya watu. Hiyo ni kazi ya kila siku. Watu wanapiga kelele, wanarusha mikono, unawapa mkia wa kayaki washike, unawapeleka ukingoni. Wahenga walisema mfamaji haachi kutapatapa, nami kwa miaka mingi jicho langu lilikuwa linamtafuta anayetapatapa.

Aliyekaribia kufa mbele yangu hakutapatapa hata kidogo.

Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimejaza mto, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Tulikuwa watatu, wote watu wa kazi, hakuna mgeni. Tulishuka kuyaangalia maji kabla ya wageni wa Jumamosi. Mwenzetu akaingia kwenye mporomoko mbele yangu, wimbi la pembeni likamlaza, akapinduka. Kwa mpiga kayaki kupinduka si habari. Unajikunja mbele, unaleta kafi juu ya maji, unatikisa kiuno, umerudi. Ndugu huyu nimemwona akijigeuza mara mia. Basi nikakaa nikimsubiri, nahesabu kichwani. Moja, mbili, tatu. Nikasema amekosa la kwanza, atajaribu tena. Nilipofika 15 ndipo nikaona kafi lake linaelea peke yake, linakwenda zake na mkondo.

Kafi likiachiwa, jua mkono umelegea. Zile sekunde 15 nilizomsubiri bado ninazo hadi leo.

Pale maji hupumzika kidogo, kama mita 40, kabla ya mporomoko unaofuata. Nilikuta kayaki tumbo juu, yeye ananing'inia kichwa chini, ameshikiliwa na sketi. Kwa wasiojua, sketi ni ile nguo ya mpira unayovaa kiunoni na kuifunga kwenye mdomo wa kayaki ili maji yasiingie. Mzima huivuta kwa kitanzi cha mbele na kutoka. Aliyezimia hawezi.

Nilichofanya waongozaji wanakiita mkono wa Mungu. Nikaenda ubavu kwa ubavu na kayaki yake, nikalala kifudifudi juu ya tumbo la kayaki hiyo, mkono wa kulia nikaupitisha ng'ambo, nikapapasa chini ya maji hadi nikashika ukingo wa tundu la kukalia. Mkono wa kushoto nikauweka kwenye ukingo wa upande wangu. Ule wa mbali unauvuta kuja kwako, huu wa karibu unausukuma chini, na unatumia uzito wa mwili mzima. Mara ya kwanza nilivuta kwa nguvu za mikono peke yake, akanyanyuka nusu, akarudi majini. Mara ya pili nikaegemea kwa kifua chote. Kayaki ikageuka. Mwili hutokea upande wa mbali na kichwa kinakuja mwisho, kwa hiyo usisherehekee kayaki ikisimama. Mdake bega la jaketi lake umvute kwako, la sivyo atalalia upande wa pili na mtapinduka wote.

Helmeti yake ilikuwa na ufa ubavuni. Midomo imekuwa ya zambarau, macho nusu wazi, povu jeupe puani. Hakuwa anapumua.

Na hapa ndipo penye sababu ya uzi huu. Ukingo ulikuwa mbele yangu, naweza kuuhesabu miti. Kila kitu mwilini kilinisukuma nimburute kwanza hadi nchi kavu, kisha ndiyo nianze kumhudumia. Ndivyo nilivyoona watu wakifanya tangu utotoni: anavutwa, anabebwa, analazwa, watu wanajaa, ndipo mtu anakumbuka kwamba hapumui. Lakini mwalimu wangu wa Jinja alikuwa ametupigia kelele wiki nzima: uso ukishatoka majini na wewe uko imara, puliza. Nikazibana kayaki mbili pamoja, nikamlaza chali kwenye sitaha yake ya nyuma, nikainua kidevu, nikabana pua, nikafunika mdomo wake kwa wangu. Pumzi ya kwanza haikuingia, ilivuja yote shavuni. Kidevu kilikuwa kimeanguka tena kifuani. Nikakiinua zaidi. Ya pili ikaingia, nikaona kifua kinapanda ndani ya jaketi. Nikampa tano. Wakati huo mwenzetu wa tatu amefika, ameelekeza pua ya kayaki yake kwenye zetu, anatusukuma ukingoni kwa nguvu zote. Mimi kazi yangu ilikuwa moja tu, yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya mto.

Mchangani tulifungua sketi, tukamtoa, tukamlaza chali. Nikasikiliza pumzi kwa muda usiozidi sekunde 10. Hakuna. Tano nyingine. Kwenye ya nne akakohoa. Sauti ile siwezi kuielezea. Kisha akatapika, tukamgeuza ubavu haraka, akatapika tena, akaanza kuvuta hewa kwa mikoromo kama mtu mwenye pumu. Kifua chake hatukuwahi kukibonyeza, hakikuhitaji.

Alilazwa siku 2, wakampa oksijeni. Amesharudi mtoni.

Hivi ndivyo ninavyoelewa mimi, na wataalamu wanikosoe: mtu wa majini hukatika pumzi kwanza. Moyo unaendelea kupiga kwa muda, damu inazunguka lakini haina hewa ndani yake, kisha moyo wenyewe unachoka, unasimama. Ukimwahi kabla haujasimama, hewa peke yake inaweza kumrudisha. Kila sekunde unayomburuta bila kumpa hewa unakula muda huo mdogo.

Karibuni.

---

NesiZiwani

Kaka KafiMbili, nakushukuru, na sina cha kukukosoa kwenye hilo la mwisho. Mimi ni muuguzi wa dharura huku Mwanza. Niongeze tu, maana naona mkanganyiko mkubwa kwa watu waliosoma kozi fupi za huduma ya kwanza.

Miaka ya karibuni watu wamefundishwa kwamba mtu mzima akianguka ghafla, bonyeza kifua tu, usihangaike na mdomo. Kwa mtu aliyeanguka sokoni kwa sababu ya moyo hilo lina mantiki: damu yake bado ina hewa, kinachokosekana ni pampu. Aliyezama ni kinyume chake. Ukimbonyeza kifua bila kumpa hewa unazungusha damu iliyokwisha oksijeni. Baraza la Ufufuaji la Ulaya linasema aliyezama aanze na pumzi 5, kisha mibonyezo 30 na pumzi 2, unaendelea hivyo. Wamarekani wanaanza na pumzi 2. Chama cha Moyo cha Marekani kilirudia mwaka 2024 kwamba kwa aliyezama pumzi si ya kuachwa. Tano au mbili, msigombane ukingoni. Kosa kubwa ni sifuri.

Kwa ambao hawakubahatika kama mwenzenu, pumzi zikishaingia na mtu bado hapumui wala hajongei, bonyeza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Majini usijaribu kubonyeza kifua, haifanyi kazi. Mgongo unahitaji kitu kigumu chini yake.

Na lile povu jeupe: litatoka, litatoka tena. Watu wanapoteza dakika nzima wanalifuta kwa leso. Puliza juu yake. Ni hewa iliyochanganyika na maji ya mapafuni, haizuii pumzi kuingia. Matapishi ndiyo tofauti, hayo unamgeuza ubavu unasafisha. Na zaidi ya nusu ya waliozama watatapika wakati unawahudumia, kwa hiyo jiandae moyoni usije ukashtuka ukaacha.

---

Mkulima wa Mwea

Mimi si mtu wa kayaki. Nimesoma uzi huu kwa sababu Sagana ni jirani zetu na sisi huku tuna mifereji ya mpunga. Mwaka juzi mtoto wa jirani, wa miaka 6, alitolewa mferejini. Wanaume wakamshika miguu, wakamning'iniza kichwa chini, wakamtikisa maji yatoke. Yalitoka kweli, mengi. Kisha mzee mmoja akamlaza kwenye goti lake akaanza kumkamua tumbo. Hakuna aliyempulizia. Alipofika zahanati alikuwa ameshaondoka.

Nilikuwa mmoja wa walioshika miguu. Naomba kuuliza dada nesi, na unijibu bila kunihurumia: yale maji tungeyatoaje?

---

NesiZiwani

Mzee wangu, pole sana. Mlikuwa mnampenda na mlifanya mlichoonyeshwa na wakubwa wenu. Nitakujibu kama ulivyoomba.

Yale maji hayakuhitaji kutolewa. Mengi ya yanayotoka mtu akining'inizwa yanatoka tumboni, na maji ya tumboni si yanayomuua. Yanayoingia mapafuni kwa kawaida ni kidogo kuliko tunavyodhani, na sehemu kubwa hunywewa na damu yenyewe. Hata mapafu yenye maji yanapokea hewa ukipuliza. Kukamua tumbo kunapandisha matapishi kooni, na mtu asiye na fahamu hana kikohozi cha kujilinda, basi yanashuka kwenye mapafu. Tunakuwa tumeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza, na muda umekwenda.

Si huku kwetu tu. Ulaya ya zamani walikuwa wakimviringisha aliyezama juu ya pipa, na hata kumpulizia moshi wa tumbaku kwa njia ya nyuma. Mwaka 1767 watu wa Amsterdam waliunda chama maalumu cha kuokoa waliozama, kwa kuwa mifereji yao ilikuwa inaua kila mara, na moshi huo ulikuwa miongoni mwa mbinu walizopendekeza. Mdomo kwa mdomo tunavyoufundisha leo ulithibitishwa miaka ya 1950, kubonyeza kifua kukaandikwa mwaka 1960. Hadi miaka ya 1990 huko Marekani bado kulikuwa na daktari mashuhuri aliyetetea kukandamiza tumbo kwa waliozama, ikabidi jopo la wataalamu likae na kulikataa. Elimu hii ni changa kuliko wazee wetu, mzee. Hukuwa na mahali pa kuipata.

---

PapaNungwi

Salaam aleikum wote. Nimefanya uokoaji baharini miaka 20, Unguja kaskazini, na napenda nipingane na mwanzisha uzi, kwa heshima.

Hilo la kupuliza majini umelisema kama jambo la kila mtu. Wewe ulikuwa kwenye kayaki, umekaa, jaketi umevaa, una mwenzako wa kukusukuma, na maji yalikuwa yamepumzika. Mchukue kijana anayeogelea bila boya, wimbi linampiga, amemshika mtu mzito asiyejitambua. Mwambie apulize. Atameza maji yeye, atachoka, atamzamisha mgonjwa mara tatu kila akijaribu kubana pua. Nimeona waokoaji wakitolewa nyuma ya waliokwenda kuwaokoa. Kama nchi kavu ni dakika moja, mimi namwambia kijana wangu: uso juu, njia ya hewa wazi, piga miguu, njoo. Tutapuliza mchangani.

---

KafiMbili

Papa, umesema kweli, na ningependa waliosoma posti yangu ya kwanza wasome na yako. Niliandika kwa moto wa kisa changu.

Niweke sawa. Ushahidi ninaoufahamu wa kupuliza majini unatoka Brazil, kwa daktari Szpilman na mwenzake Soares, waliochapisha mwaka 2004. Waliwaangalia waliookolewa na walinzi wa fukwe, na waliopewa pumzi humo humo majini walinusurika zaidi kuliko waliovutwa kwanza. Lakini wale walinzi ni watu waliofunzwa, wana nguvu, na wana kifaa cha kuelea. Mazoezi ya majini yameonyesha pia ulichosema wewe, kwamba kupuliza kunarefusha safari na kumchosha mwokoaji. Miongozo ya Ulaya ya nyuma ilipanga hivi: aliyefunzwa na mwenye kifaa cha kuelea ampe kama pumzi 10 kwa dakika moja. Kama ardhi iko chini ya dakika 5, aendelee kupuliza huku anamvuta. Kama ni mbali zaidi, dakika moja nyingine ya pumzi, kisha ampeleke moja kwa moja bila kusimama.

Ninachokishikilia ni kwamba kayaki ni kifaa cha kuelea. Sisi watu wa kayaki hatuna udhuru alionao mwogeleaji wako. Ukishamrudisha wima, amekaa ndani ya boti yake, uko naye bega kwa bega, mdomo wake uko sentimita 30 kutoka wako. Kama mporomoko unaofuata uko mbali, puliza. Kama uko karibu, ondokeni kwanza, maana mkiingia pale wawili mnafungana, mnatoka maiti wawili.

---

PapaNungwi

Hapo tumeelewana, mwanangu.

---

Mswahili_Muscat

Mimi napiga kayaki ndefu za baharini huku Oman, pwani ya Muscat hadi Bandar Khayran. Kwetu hali ya kawaida si mtu kuning'inia chini. Ni mtu ameshatoka kwenye kayaki, ameumia au ameishiwa nguvu kwa jua, anaelea na jaketi lake, na ghafla hakujibu tena. Mko kilomita 2 kutoka ufukweni na pwani yenyewe ni majabali. Unampakiaje mtu wa kilo 90?

Tulichofunzwa na tunachorudia kila mwanzo wa msimu ni kumchota, kama unavyochota maji kwa kata. Usijaribu kumnyanyua juu ya kayaki, hutaweza. Ilaze kayaki yake ubavu, tundu la kukalia likielekea kwake, uiache ijae maji. Ingiza miguu yake ndani ya tundu, kisha msukume au mvute kwa jaketi mpaka makalio yaingie. Maji yenyewe yanambeba, hana uzito. Halafu mlaze nyuma, mgongo kwenye sitaha, kichwa kiwe chini kadiri inavyowezekana, ndipo unavuta ukingo na kuigeuza kayaki wima. Kama kichwa kimeinuka utapambana na uzito wake wote na utashindwa. Nimeona wenye misuli wakishindwa na binti mwembamba akafaulu kwa sababu alikumbuka kumlaza.

Kayaki itakuwa imejaa maji, haina utulivu. Mtu mmoja analala juu ya kayaki zote mbili kuzishika na kumpulizia, wa pili anafunga kamba na kuvuta, wa tatu anapiga simu. Mkiwa wawili tu, simu kwanza, kisha mshike. Kuvuta na kupuliza mtu mmoja hawezi.

Na huku maji ni ya moto, joto ndilo adui. Usidhani aliyezirai lazima amegonga kichwa.

---

MtotoWaJinja

Habari zenu kutoka huku Nile. Kiswahili changu mtanisamehe. Nimejifunza kayaki kabla bwawa la Bujagali halijafunika maporomoko yetu, nikashuhudia na Isimba likifunika mengine mwaka 2019, sasa tumebaki na Itanda na machache. Maji ya hapa ni mengi na ya uvuguvugu, kina ni kirefu, kwa hiyo kugonga jiwe si kwingi kama kwenu Tana. Lakini swali langu ni la shingo. Helmeti ilikuwa na ufa. Uliinuaje kidevu bila kuogopa kuvunja uti?

---

NesiZiwani

Swali zuri na linaua watu kimya kimya, kwa maana ya kwamba hofu ya shingo inafanya watu wasimguse mtu asiyepumua.

Kwa waliozama kwa ujumla, walioumia uti wa shingo ni wachache mno, hawafiki 1 katika 100 kwenye utafiti mkubwa ninaoujua, na karibu wote walikuwa na dalili wazi, kama mtu aliyepiga mbizi kwenye maji mafupi au kupata ajali ya nguvu. Mtoni, kichwa chini, helmeti imepasuka: hapo shaka ni ya halali. Basi jaribu kusukuma taya mbele kwa vidole nyuma ya pembe zake bila kukunja shingo, na mwenzako akishike kichwa kisiyumbe. Kama hewa haiingii hivyo, inua kidevu kidogo kidogo mpaka iingie. Shingo inayoweza kuwa imevunjika ni jambo la kulinda. Pumzi isiyokuwepo ni jambo lililokwisha kutokea.

---

BukobaNyumbani

Naombeni nitoke nje ya kayaki kidogo.

Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wetu hapa Bukoba, waliofika kwanza walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Watu 43 walikuwemo, 24 wakatoka hai, 19 tukawazika. Kila nikisoma mambo kama haya najiuliza: wavuvi wa Ziwa Victoria ndio walinzi wetu wa fukwe, hatuna wengine. Wanajua maji kuliko sisi sote. Ni nani aliyewahi kukaa nao mwalo kwa mwalo akawaonyesha kwamba mtu asiyepumua anapulizwa akiwa bado ndani ya mtumbwi? Mtumbwi una sakafu, unaweza hata kubonyeza kifua humo humo huku mwenzako anapiga kasia. Ni robo saa ya kufundisha. Shirika la Afya Duniani linasema waliokufa maji mwaka 2021 ni kama watu 300,000 dunia nzima, na wengi wao wako kwenye nchi kama zetu, si kwenye mabwawa yenye walinzi.

---

Chura wa Sagana

Mimi ndiye yule wa tatu aliyesukuma. Sikujua kaka anaandika.

Niongeze moja ambalo yeye hakuliona kwa sababu alikuwa ameinama. Yule ndugu alipokohoa na kuanza kuongea, alituambia yuko sawa, anataka kurudi nyumbani akalale. Mkewe angempikia uji. Na sisi, kwa furaha, tulikaribia kumkubalia. Kilichotuzuia ni midomo, ilikuwa haijarudi rangi yake. Hospitalini hewa kwenye damu ilikuwa chini na jioni kifua kikazidi kuwa kizito. Angekuwa kitandani kwake usiku ule sijui.

---

NesiZiwani

Asante kwa hilo, lingekuwa posti yangu ijayo. Yeyote aliyehitaji kupulizwa, hata pumzi moja, anakwenda hospitali, hata akicheka. Maji yameosha utando unaozuia vifuko vya mapafu visijifunge, na uvimbe unaweza kuja saa kadhaa baadaye. Hata asiyepulizwa lakini anakohoa sana au anahema, aangaliwe saa 4 hadi 8 na watu wenye vipimo. Njiani alale ubavu, nguo zilizolowa maji zitolewe, afunikwe.

---

MtotoWaJinja

Na mtu akiwa peke yake na mgonjwa? Sehemu nyingi za mto hapa hakuna mtandao.

---

KafiMbili

Peke yako: pumzi 5, kisha dakika nzima ya mibonyezo na pumzi, ndipo ukimbilie simu kama hakuna wa kumtuma. Ukiwa na simu mfukoni, piga 112, weka spika, iache chini, endelea. Ikitokea mashine ya kushtua moyo ipo, kausha kifua kwanza, lakini usisimamishe pumzi kuisubiri.

Kuhusu lini uache, nitasema nilichofundishwa: aliyekaa chini ya maji chini ya dakika 10 ana nafasi nzuri, aliyepita 25 nafasi ni ndogo sana. Ila mtoni hakuna anayeshika saa. Sisi tunaanza kwa kila mtu na tunaendelea hadi apumue, au tufikiwe na wenye ujuzi, au mikono ishindwe.

Kwenye timu yetu nimebadilisha jambo moja. Hatuhesabu tena hadi 15. Mwenzako akipinduka, unaanza kumwendea kayaki ikiwa bado inapinduka. Akijigeuza mwenyewe, utakuwa umepoteza makafi manne tu. Na kila Jumatatu tunapokezana kuwa maiti kwenye maji tuli: unalegea kabisa, huwasaidii, wanakugeuza, wanakuchota. Pumzi zenyewe tunazifanyia kwa mwanasesere wa mazoezi, hatumpulizi mtu anayepumua.

---

Mkulima wa Mwea

Nimekaa na uzi huu siku tatu. Leo nimekwenda kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo kando ya mfereji wetu, nikamsomea sehemu ya dada nesi. Amekubali kutupa Ijumaa saa 8 mchana, wazazi waje na watoto. Huyo mwanasesere wenu anaazimwa?

---

KafiMbili

Haazimwi, mzee, nakuja naye mwenyewe. Chura atakuja na kayaki, tutaiweka mferejini pale maji ni mafupi. Nielekeze tu nishukie wapi nikitoka Sagana. Na ninaomba wale walioshika miguu siku ile wakae mstari wa mbele, wewe ukiwemo.